Toni ya gitaa ampu ikiwa juu: kwa nini huharibika, na namna ya kuipanga

Mpiga gitaa wa Mombasa hupanga toni yake chumbani, Kisauni au Mikindani, volyumu ikiwa kwenye 2 ili majirani wapate usingizi. Besi imejaa, trebo inang'aa, sauti za kati zimeshushwa kidogo, na masikio yameridhika. Jumamosi anapanda jukwaani kwenye hoteli ya Bamburi, anaweka namba zilezile, anaipandisha volyumu hadi 6, na gitaa linakuwa jingine. Chini linavuma, juu linachoma masikio ya meza za mbele, na ngoma na kinanda zikishaingia halisikiki kabisa. Anaongeza. Fundi wa sauti anamwonyesha kwa mkono: shusha! Anashusha, na sasa ndio limepotea moja kwa moja.

Wengi hapo huilaumu ampu na kuanza kutafuta nyingine yenye wati nyingi zaidi. Mara nyingi ampu haina kosa. Volyumu ikipanda, sikio husikia tofauti, valvu (taa za kioo ndani ya ampu) au transista hufanya kazi tofauti, spika huitikia tofauti, na ukumbi nao huongeza yake. Toni iliyopangwa kwa volyumu ndogo ni ya volyumu ndogo tu. Ya jukwaani hupangwa kwa volyumu ya jukwaani, bendi nzima ikipiga, na msingi wake ni sauti za kati, zile ambazo chumbani huwa za kwanza kupunguzwa.

Sikio na nafasi ya gitaa katika bendi

Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa maabara za Bell huko Marekani, walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba tofauti hiyo hubadilika kadiri sauti inavyokuwa kubwa. Sauti ikiwa ndogo, besi hatuisikii vizuri, na trebo ya juu kabisa pia hufifia. Sauti ikiwa kubwa, zote mbili hurudi kwa nguvu. Aliyeongeza besi hadi 7 chumbani alikuwa anafidia upungufu wa sikio lake. Jukwaani upungufu huo haupo tena, lakini fidia imebaki kwenye nobu.

Halafu kuna wenzake. Uzi wa sita ukipigwa wazi hutoa hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde, na hapo ndipo gitaa la besi na ngoma kubwa vinapofanya kazi. Chini ya hezi 100 gitaa la umeme halina mali yake. Kila linachoongeza huko ni mvumo unaoharibu kazi ya mwingine. Kati ya hezi 200 na 400 kuna ule mlio wa pipa tupu, unaovumilika kidogo na kuchosha ukizidi. Mwili wa gitaa, ile sehemu inayomfanya msikilizaji atambue kwamba hili ni gitaa na huyu ndiye anayelipiga, umekaa kwenye hezi 700 hadi 1,500. Hezi 2,000 hadi 4,000 ndiyo makali: sikio la mtu ni jepesi mno kwenye hezi 3,000 na kitu, kwa hiyo ongezeko dogo hapo linakata na kubwa linaumiza. Juu ya hezi 5,000 spika ya kawaida ya gitaa, ya inchi 12, huanza kuporomoka yenyewe.

Kwenye bango, muziki wa dansi wa pwani, hali ni ngumu zaidi, maana saksafoni ndiyo inayobeba wimbo na imekaa katikati palepale. Gitaa la rithimu likijaza hezi 700 litapigana nayo usiku kucha. Afadhali rithimu isogee juu kidogo, kwenye hezi 1,500 hadi 2,500, ipige kwa ufupi na usafi, na gitaa la solo lishuke katikati pale tu saksafoni inapopumzika. Jambo hili nobu pekee haziwezi kulimaliza. Ni mapatano kati ya wapigaji.

Kupanga nobu, hatua kwa hatua

Anza na besi kwenye 3, midi (nobu ya sauti za kati) kwenye 7, trebo kwenye 4, na prezensi (nobu ya ukali wa juu kwenye sehemu ya nguvu), kama ipo, kwenye 3. Geini, nobu ya kuchafua sauti kwenye sehemu ya mbele ya ampu, iweke chini ya ile unayotumia nyumbani kwa karibu theluthi moja. Pandisha volyumu mpaka ilingane na ngoma zikipigwa kwa nguvu ya kawaida. Chumbani mpangilio huu utasikika kama redio ndogo. Uvumilie.

Sasa simama mbele ya spika, mita 3 au 4, na uchutame mpaka sikio liwe usawa wa spika yenyewe. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Spika ya inchi 12 hutawanya besi pande zote, lakini kuanzia karibu hezi 1,500 kwenda juu hutupa sauti mbele tu, kwa mstari mwembamba. Mpigaji aliyesimama mita moja kutoka ampu iliyo sakafuni anaisikilizia magotini. Anaona toni ni nzito, anaongeza trebo hadi 8, na makali yote yanakwenda moja kwa moja kwenye nyuso za waliokaa. Iinue ampu juu ya kreti mbili za soda au kiti imara, au ilaze kidogo kwa nyuma iangalie kichwa chako. Wapigaji wengi wakifanya hivyo tu hushusha trebo wenyewe bila kuambiwa.

Ukiwa umechutama, piga uzi wa sita na uongeze besi polepole mpaka uanze kuvuma, kisha rudisha nobu nyuma kidogo. Piga uzi wa kwanza juu ya shingo, kwenye fureti ya 12, na ushushe trebo mpaka uache kuuma. Kisha bendi iingie, na kuanzia hapo usiguse besi wala trebo. Gitaa likipotea, ongeza midi kwanza. Likiwa bado halisikiki midi ikiwa 9, muombe mwenye kinanda apunguze mkono wa kushoto kabla hujagusa volyumu.

Angalizo kwa wenye ampu za Fender na zilizoigwa kutoka kwake: saketi ya toni ya ampu hizo huchimba shimo katikati hata nobu zote zikiwa kwenye 5. Sauti inayokaribia kunyooka hupatikana midi ikiwa 10, besi na trebo zikiwa kwenye 2 au chini yake. Namba hizo zinatisha kuzitazama, lakini jukwaani zinafanya kazi. Ampu hizo pia huwa na swichi ya kung'arisha, na swichi hiyo huleta kitendawili kinyume na kile cha besi: kapasita yake hupitisha trebo pembeni mwa nobu ya volyumu, kwa hiyo volyumu ikiwa 2 inang'arisha sana, ikiwa 7 karibu haifanyi lolote. Aliyezoea mng'ao wa nyumbani atadhani ampu imeugua.

Usafi, mkoromo, na hesabu ya wati

Muziki mwingi wa pwani, uwe bango, chakacha au rumba ya hotelini, unataka gitaa safi. Swali la kwanza basi ni nafasi iliyobaki kabla ampu haijazidiwa na sauti kuanza kuchafuka. Hapa watu hudanganywa na wati. Kuongeza nguvu maradufu, kutoka wati 50 hadi 100, kunaleta desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini si kubwa. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa mara mbili inahitajika karibu desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa upande mwingine, spika zenyewe hutofautiana: moja hutoa desibeli 97 kwa wati moja ikipimwa mita moja mbele yake, nyingine 100. Kubadilisha ya kwanza kwa ya pili ni sawa na kununua ampu yenye nguvu maradufu, kwa gharama ndogo zaidi. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya spika. Itafute kabla ya kutafuta wati.

Ampu ya transista hukaa safi mpaka inapofika kikomo, kisha hukata mawimbi ghafla na kutoa mkwaruzo mkavu usiopendeza. Iache na akiba. Roland JC-120, iliyotoka 1975, imependwa kwa kazi hii kwa sababu kila moja ya spika zake mbili ina ampu yake ya wati 60, na ni nadra kuifikisha kikomo hotelini.

Ampu ya valvu huanza kulainika mapema zaidi, na ndiyo raha yake, lakini lazima ujue ni sehemu gani inayochafuka. Valvu ndogo za mbele, 12AX7, zikizidiwa hutoa mchafuko mwembamba wenye mchanga na hupunguza tofauti kati ya kupiga taratibu na kupiga kwa nguvu. Valvu za nguvu, kama 6L6, EL34 au EL84, zikizidiwa hutoa mchafuko mnene unaofuata mkono. Ukiwa na masta, yaani nobu ya volyumu ya mwisho, volyumu kubwa inakupa nafasi ya kupata huo wa pili: shusha geini, pandisha masta. Geini nyingi iliyopendeza nyumbani ilikuwa inaiga kazi ambayo valvu za nguvu na spika sasa zinaifanya zenyewe, na ukiiacha, zote mbili zinajazana mpaka kila noti inakuwa tope. Wakati huo huo prezensi huanza kulegea, kwa kuwa hutegemea mrejesho wa saketi ya nguvu, na saketi hiyo ikishazidiwa mrejesho hauna tena uwezo wa kuidhibiti.

Tatizo linaloonekana zaidi ni mkoromo kwenye nyuzi nene. Besi ndiyo inayokula nguvu nyingi, na ikifika kwenye hatua ya kuchafuka ikiwa nene, hatua hiyo hushindwa kuibeba. Kata besi kabla ya mchafuko na uiongeze baadaye. Pedali ya overidraivu, yaani ya kuchafua sauti, ya aina ya Tube Screamer inafaa hapa kwa sababu hupunguza besi na kuinua sauti za kati kwenye hezi 700 na kitu: weka draivu karibu na 0, leveli kwenye 7 au 8, na uiache ampu ifanye mengine. Kama ampu ina njia ya efekti (jeki za kutoka na kurudi kati ya sehemu ya mbele na ya nguvu), ekwalaiza iliyowekwa humo ndiyo ya kurudisha besi kidogo.

Solo nayo ina mtego wake. Ukiweka busta, pedali ya kuongeza sauti, mbele ya ampu ambayo tayari imejaa, volyumu haiongezeki. Kinachoongezeka ni mchafuko, na solo inazama badala ya kutoka. Iweke busta kwenye njia ya efekti, desibeli 3 hadi 5 zinatosha, au tumia ekwalaiza kuinua hezi 800 hadi 1,000. Valvu za nguvu zikiwa zimefika mwisho hata hiyo haitasaidia. Hapo rithimu ndiyo ishuke: piga rithimu nobu ya gitaa lenyewe ikiwa 7, na ya solo ikiwa 10.

Spika, waya na omu

Ampu ya valvu isiwashwe kamwe ikapigwa bila spika. Transfoma ya kutolea sauti hutegemea mzigo huo, na ukikosekana volti hupanda mpaka kuunguza transfoma au soketi za valvu. Ya transista hali ni nyingine: bila spika haidhuriki kwa kawaida, ila ukiipa omu (kipimo cha ukinzani wa spika) ndogo kuliko ilizoandikiwa itapata joto kupita kiasi. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba ni omu 4. Zikifuatana ni omu 16. Soma nyuma ya ampu, linganisha, ndipo uwashe.

Waya wa kwenda kwenye spika si kebo ya gitaa, hata kama plagi zinafanana. Kebo ya gitaa ina uzi mwembamba ndani uliofunikwa na ngao, na haikutengenezwa kubeba umeme mwingi. Volyumu ikiwa juu hupata moto na inaweza kugusana ndani. Tumia waya wa nyuzi mbili wenye unene wa milimita za mraba 1.5. Nayo kebo ya gitaa usiifanye ndefu bila sababu, kwani kila mita inaondoa mng'ao kidogo. Mita 6 zinatosha jukwaa la kawaida, na kwa mita 10 weka pedali yenye bafa, saketi ya kulinda mng'ao kwenye kebo ndefu, mwanzoni.

Kiwango cha wati cha spika kiwe kikubwa kuliko cha ampu. Ampu ya wati 50 ikisukumwa hadi kuchafuka inaweza kutoa kwa wastani zaidi ya wati 50, kwa hiyo spika moja ya Celestion Greenback yenye wati 25 itaungua mapema. Nne pamoja hubeba 100.

Mabati, makuti na kona

Hoteli ya ufukweni yenye paa la makuti na pande zilizo wazi hula trebo na kuachia besi itokee baharini. Gitaa husikika dogo na laini, na hapo unaruhusiwa kuongeza trebo na besi kidogo. Ukumbi wa mabati wenye kuta za saruji na sakafu ya taili hufanya kinyume: hezi 2,000 hadi 4,000 zinarudi kutoka kila upande, na besi inajikusanya kwenye kona. Piga makofi mara moja ukumbi ukiwa mtupu. Ukisikia mlio mkali unaodunda, shusha trebo na prezensi mapema, na kumbuka watu wakijaa miili na nguo zao zitakula sehemu ya ukali huo. Usipange trebo ya mwisho kabla hawajaingia.

Ampu ikisogezwa ukutani besi inaongezeka, na ikiwekwa kwenye kona inaongezeka zaidi, bila wewe kugusa nobu. Ikivuma, iondoe sakafuni na uisogeze mbele nusu mita au zaidi. Hili hufanya kazi kuliko kukata besi, kwa sababu linaondoa mvumo na kubakisha uzito.

Katika ukumbi mkubwa acha kupigana na miksa. Ampu ya wati 15 au 20 iliyofunguliwa vizuri, ikiwa na maikrofoni mbele, itashinda ya wati 100 iliyofungwa kwenye 2. Weka maikrofoni ya Shure SM57 sentimita 2 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikielekea mpaka kati ya kifuniko cha katikati na karatasi ya koni. Ikisogea katikati kabisa inakuwa kali. Ikisogea pembeni sentimita 2 au 3 inakuwa nene. Isogeze kabla fundi hajaanza kugusa ekwalaiza yake, na umuombe akate chini ya hezi 100.

Umeme na chumvi

Umeme wetu ni volti 240, hezi 50. Kwenye jenereta au mwisho wa laini ndefu unaweza kushuka sana, na ampu ya valvu huonyesha upesi: volti zikianguka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya ampu hupungua kwa takriban asilimia 30, sauti inalegea na kuchafuka mapema. Kabla ya kulaumu valvu, pima soketi. Stebulaiza yenye uwezo wa kutosha inamaliza tatizo. Ampu iliyotoka Marekani ya volti 120 inahitaji transfoma ya kushusha. Kwa ampu ya valvu ya wati 100 chukua transfoma ya wati 500, kwa kuwa ampu yenyewe inaweza kuvuta 300. Na kama imeandikwa hezi 60 peke yake, transfoma yake ya ndani itapata joto zaidi hapa.

Mvumo mzito wa hezi 50 au 100 unaongezeka pamoja na volyumu. Kama unabadilika ukigeuka na gitaa, unatoka kwenye pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za koili moja. Kama haubadiliki na unaanza pale tu unapounganishwa na miksa, ni ardhi inayozunguka kati ya soketi mbili: tumia soketi moja kwa jukwaa zima, au DI, kisanduku cha kuunganisha na miksa, chenye swichi ya kutenganisha ardhi. Kamwe usikate pini ya ardhi kwenye plagi. Mvumo utaisha, lakini mpiga gitaa anayeimba atakuwa ameshika nyuzi huku midomo ikigusa maikrofoni, na tofauti ya volti kati ya viwili hivyo itapita mwilini mwake. Kabla ya shoo weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikionyesha zaidi ya volti chache, hakuna anayegusa kitu mpaka fundi wa umeme apate chanzo. Na usiifungue ampu ya valvu mwenyewe: ndani kuna zaidi ya volti 400, na kapasita huzitunza hata baada ya kuchomoa plagi.

Hewa ya bahari hula jeki, swichi na soketi za valvu, na kutu ambayo haisikiki kwenye volyumu 2 hukwaruza vibaya kwenye 7. Nyunyizia dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye plagi, uichomeke na kuichomoa kwenye jeki mara kumi hivi, hasa zile za njia ya efekti: hizo hubeba sauti hata usipozitumia, na zikishika kutu ampu hupoteza nguvu ghafla katikati ya wimbo. Ukitaka kujua kama ndizo zenye tatizo, chomeka kebo fupi kutoka jeki ya kutoka hadi ya kurudi. Sauti ikirudi, zisafishe.